Misaiprasi ya ua na misonobari pori: kuichimba na kuikuza bonsai Kigoma na Tabora

Bonsai ni mti unaodumazwa na kupewa umbo ndani ya chombo kifupi. Mti wa jamii ya misonobari ukishachimbwa, kinachouua mara nyingi ni kiu, hata pale udongo wake unapochuruzika maji. Mizizi laini inayonyonya imebaki shimoni, majani yote yako juu yanaendelea kupoteza maji, na jua la Tabora halisubiri. Karibu kila tunachokieleza hapa, tangu siku ya kuchimba hadi msimu wa nne wa mvua, kinarudi kwenye jambo hilo moja: mti uendelee kupata maji mpaka mizizi mipya iote, na mizizi hiyo isioze wakati tunaingoja.

Wajapani wana neno lao, yamadori, kwa mti uliochukuliwa mlimani baada ya kupindwa na upepo na theluji kwa miaka mingi. Huku theluji hatuna. Kazi ya kuukunja na kuudumaza mti imefanywa na mbuzi, panga na moto wa kiangazi. Kuna aina mbili zinazofaa kuanzia. Ya kwanza ni msaiprasi, ule ambao wengi wanauita mti wa Krismasi, uliopandwa kuwa ua, yaani uzio wa miti, miaka mingi iliyopita kwenye viwanja vya misheni, shule na nyumba za zamani katika nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe. Ua unapong'olewa ili kujenga ukuta wa tofali, mashina yenye unene wa kiwiko huishia kuwa kuni. Ya pili ni msonobari, au paina, ulioota wenyewe kwenye kingo za barabara na pembezoni mwa mashamba ya miti, ukafyekwa kila mwaka na kuchipua tena chinichini. Mvinje usikuchanganye. Una vijiti vinavyofanana na sindano, lakini haumo katika jamii hii, na matunzo yake ni mengine.

Kabla ya jembe kuna ruhusa. Ua una mwenyewe, kingo za barabara na ardhi ya kijiji zina ofisi zake, na ndani ya msitu wa hifadhi huchukui mmea bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, kwa hiyo huko hakichimbwi kitu. Nasi tunaona hata kwingine mti mzee ulioshika mwamba uachwe hapo, kwa sababu mizizi yake imepita kwenye nyufa usizoweza kuzifikia. Ukiung'oa unapata shina zuri lililokufa.

Unapochagua, anza kutazama chini. Fukua udongo kwa mkono kuzunguka shina uone mizizi inatokea wapi na kama imesambaa pande zote au imelalia upande mmoja. Kisha tafuta kijani kilicho karibu na shina. Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa misaiprasi ya ua. Kwa nje ua ni ukuta wa kijani, ila ukiufungua ndani ni fito kavu tupu, kwa kuwa mwanga haujafika huko miaka mingi. Msaiprasi hauchipui kwenye tawi kuukuu lisilo na jani, na msonobari nao karibu ni hivyo hivyo. Ukikata tawi nyuma ya kijani cha mwisho, tawi hilo limekwenda. Mti ambao kijani chake cha karibu kiko mita moja kutoka shinani hauwezi kuwa bonsai ya nusu mita, hata shina liwe zuri kiasi gani. Kama una mwaka mzima wa kusubiri, fungua sehemu ya juu ya ua mwezi Novemba, toa theluthi moja ya matawi ya juu ili mwanga ushuke, na vichipukizi dhaifu vilivyobaki ndani vitapata nguvu. Mti wenyewe utauchimba mvua za mwaka unaofuata.

Vitabu vya bonsai vinasema uchimbe mwishoni mwa baridi, kabla macho ya mti hayajafunguka. Kanuni hiyo ni ya nchi zenye majira ya baridi. Mtu akiifuata huku kwa kuhesabu miezi atachimba Julai au Agosti kwa sababu asubuhi kuna ubaridi, halafu Septemba na Oktoba zitamkuta na mti usio na mizizi katika hewa kavu kuliko wakati wowote wa mwaka. Kinachotuongoza ni mvua na unyevu wa hewa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei. Subiri mvua zishike kweli, udongo uwe umelowa kina cha jembe zima na kumbikumbi wawe wamesharuka, kisha chimba ndani ya wiki tatu zinazofuata. Mti unapata miezi mitano ya hewa yenye unyevu ya kutengeneza mizizi kabla kiangazi hakijarudi. Ukichimba Machi unaupa wiki chache tu.

Kwa shina la unene wa sentimita 6 hapo chini, chora duara la upana wa sentimita 45 na ulenge kina cha sentimita 30. Bonge hilo likiwa na maji lina uzito wa karibu kilo 80, kwa hiyo panga watu wawili na guta, pikipiki haifai. Mti ulio imara kwenye udongo mzuri unaweza kutolewa siku moja. Mti mzee, au wenye mizizi michache minene, tunautoa kwa awamu: Novemba chimba mfereji wa upana wa sepetu kwenye nusu ya duara, kata mizizi kwa msumeno mkali, jaza mfereji mchanga mnene na uufunike kwa majani makavu. Mwaka unaofuata fanya nusu ya pili. Mwaka wa tatu unatoa mti ukiwa tayari na mizizi mipya iliyoota kwenye mfereji. Ni polepole, lakini kwa mti wa miaka 40 ni haki yake.

Sururu itumie kwenye udongo wa nje ya duara tu. Ikigusa mzizi inaupasua, na mzizi uliopasuka unaoza kuanzia kwenye ufa, ilhali uliokatwa safi kwa msumeno unatoa mizizi mipya kwenye ukingo wa jeraha. Ukishazunguka pande zote, pitisha msumeno chini na ukate mzizi mkuu. Usiutikise mti kuona kama umeachia, maana kila mtikiso unakata nywele za mizizi zilizo ndani ya bonge. Usikung'ute udongo. Bonge litoke kama lilivyo, lifungwe kwa gunia lililoloweshwa, juu yake salfeti, na kamba ibane mpaka libaki gumu kama tofali. Majani yafunikwe kwa kitenge kilicholowa. Safari ya kutoka Manyovu hadi Kigoma mjini nyuma ya gari wazi inaukausha mti kuliko siku nzima ya jua, kwa sababu upepo haukomi.

Kwa msonobari, bonge lina kitu kingine cha kulindwa. Ukilifungua kidogo utaona nyuzi nyeupe na harufu ya uyoga. Hiyo ni kuvu inayoishi na mizizi ya msonobari na kuusaidia kunyonya maji na fosforasi. Misonobari ilipoletwa Afrika Mashariki kutoka nje, miche mingi ilidumaa na kugeuka njano mpaka vitalu vilipoanza kuchanganya udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua. Ukiosha mizizi ya msonobari kwa bomba ili iwe safi, umeuondolea na kuvu yake. Hata bonge likitoka zuri, beba ndoo ndogo ya udongo wa juu kutoka pale ulipochimba.

Sanduku la mbao ni bora kuliko chungu kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kwa bonge la sentimita 45, ndani liwe na upana wa sentimita 55 na kina cha 30. Mbao za chini ziachane milimita 5 hadi 8, na juu yake utandike wavu wa plastiki. Masalia ya mninga kwenye karakana za samani za Tabora ni mazuri kwa kuwa mchwa hawayapendi. Mbao za paina zitaliwa kabla mvua za pili hazijafika. Hata la mninga tunalisimamisha kwenye miguu iliyotumbukizwa kwenye makopo ya oili chafu. Mchwa wakipanda hawaanzi na sanduku, wanaanza na mizizi iliyokufa ndani ya bonge, kisha wanaendelea na shina kwa ndani, na kwa nje huoni kitu.

Kina cha sanduku kina maana yake. Maji yaliyopita kwenye udongo hayatoki yote, tabaka la chini kabisa hubaki limejaa, na unene wa tabaka hilo unategemea ukubwa wa chembe za udongo na hautegemei kina cha chombo. Kwenye trei ya sentimita 6 tabaka hilo linaweza kuwa nusu ya chombo. Kwenye sanduku la sentimita 30 ni sehemu ndogo, na mizizi mipya ina mahali pa kupumua. Mti uliochimbwa juzi na kuwekwa moja kwa moja kwenye chungu chake cha maonyesho, kwa kawaida mizizi yake inaoza Januari.

Udongo wa Kijapani unaotajwa kila mahali haupatikani huku, na kokoto za volkano ziko mbali. Tofali la kuchoma linatosha, likiwa limeiva. Lijaribu hivi: tumbukiza kipande kwenye maji kwa siku nzima, kisha kisugue kwa vidole. Kikitoa tope, tofali halikuiva na ndani ya mwaka litarudi kuwa udongo. Tafuta yale yaliyokuwa karibu na moto, yenye sauti kali yakigongana, na yasiwe na saruji iliyogandia. Yaponde, yapitishe kwenye chekeche mbili, chukua chembe za milimita 4 hadi 8, na vumbi lote ulitupe. Mchanganyiko wetu ni debe mbili za tofali, debe moja ya moramu au mchanga mnene wa mto wa milimita 3 hadi 5, na nusu debe ya mkaa uliopondwa na kuoshwa mpaka majivu yaishe. Kwa msonobari ongeza mikono miwili ya ule udongo wa ndoo. Ukimwaga lita 2 za maji juu ya sanduku, yapotee usoni ndani ya sekunde chache. Yakisimama, vumbi limebaki, rudia kuosha.

Weka bonge, jaza pembeni na usindilie kwa kijiti, ukihakikisha hakuna uwazi chini ya mizizi. Kisha lifunge. Pitisha waya au kamba ya nailoni juu ya bonge kutoka upande hadi upande wa sanduku, mara mbili kwa umbo la msalaba, na ukaze mpaka ukisukuma shina sanduku zima linasogea nalo. Mzizi mpya ni laini kama uzi wa pamba, na mti ukiyumba kwa upepo mzizi huo unakatika kila siku unapojaribu kuota. Hatua hii watu huiruka kwa sababu mti unaonekana umesimama vizuri.

Sasa majani. Mazoea ya kilimo yanasema mti ukihamishwa punguza matawi sana. Kwa misonobari na misaiprasi hapana. Chakula cha kutengenezea mizizi kinatoka kwenye kijani. Toa yaliyokufa, toa tawi refu ambalo una hakika hutalihitaji, na jumla isizidi theluthi moja ya kijani. Tatizo la maji yanayopotea litatue kwa kivuli na unyevu: neti ya kivuli ya asilimia 50, mahali pasipo na upepo, na kupuliza maji kwenye majani mara tatu au nne kwa siku katika siku zisizo na mvua, kwa wiki sita za mwanzo. Kivuli cha mwembe, ambacho Tabora kipo kila mahali, ni kizito mno. Chini yake msaiprasi unaangusha kijani chake cha ndani ndani ya miezi miwili, na hicho ndicho ulichokihangaikia. Jua la asubuhi linafaa, lile la saa tisa alasiri lizuiwe. Ukuta wa sanduku unaoelekea magharibi uvalishe gunia, kwani mizizi iliyogusana na ubao uliopashwa moto inakufa kwanza.

Majani yapulizwe, lakini udongo usimwagiliwe kwa ratiba. Chukua chelewa moja kutoka kwenye fagio la mchikichi, ichomeke sentimita 10 ndani ya udongo karibu na bonge na uiache hapo. Itoe kila asubuhi na uiguse kwenye shavu. Ikiwa baridi na nyeusi, usimwagilie. Ikiwa imekauka nusu ya juu tu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Mti usio na mizizi hunywa kidogo sana, na mwagiliaji mwenye huruma ndiye anayeozesha. Jihadhari na ukame mfupi unaojitokeza Januari au Februari katikati ya msimu wa mvua: siku nane za jua baada ya miezi miwili ya mvua zimekausha masanduku mengi kwa sababu mtu alikwisha kuzoea kutomwagilia.

Kwa Kigoma mjini na Ujiji kuna jambo jingine. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magadi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni kati ya 8.6 na 9.2, na uchachu ni chini ya 7. Mti wa jamii hii unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukimwagilia maji ya ziwa kiangazi kizima, chuma kinakuwepo kwenye udongo lakini mizizi haiwezi kukichukua, na dalili yake ni machipukizi mapya kutoka ya njano huku majani ya zamani yamebaki kijani. Mtu anadhani ni njaa, anaongeza mbolea, na chumvi inazidi. Kijiko cha siki kwenye ndoo hakisaidii, kwa sababu kabonati iliyo kwenye maji hayo ni nyingi na inamaliza uchachu huo papo hapo. Dawa ni maji ya bati. Tangi la lita 1,000 linalojazwa Aprili linatosha masanduku machache kwa kiangazi ukichanganya nusu kwa nusu na ya bomba, na kila mwezi mara moja mimina ya mvua matupu mpaka yatiririke chini ili kuondoa chumvi. Kwa kupuliza majani tumia ya mvua pekee, maana ya ziwa yanaacha unga mweupe unaoziba majani.

Je, mti umeshika? Usiharakishe kusherehekea. Msonobari uliokufa unaweza kubaki wa kijani miezi sita, na machipukizi ya kwanza yanatoka kwa akiba iliyo ndani ya shina, si lazima kwa mizizi. Msaiprasi husema mapema zaidi: kijani kinapoteza mng'ao, kinakuwa cha kijivu, kisha cha shaba. Dalili tunayoiamini ni chelewa. Sanduku lililokuwa likikauka kwa siku tano likianza kukauka kwa siku mbili katika hali ile ile ya hewa, mizizi inafanya kazi. Hapo ndipo unapoondoa neti, saa moja ya jua zaidi kila wiki.

Mbolea pia ingoje dalili hiyo. Kisha tumia mashudu, ya mawese, alizeti au pamba, yaliyoloweshwa na kuachwa yachache wiki mbili, yakafinyangwa vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo na kukaushwa. Kidonge kimoja kwa kila sentimita 15 za uso wa udongo, kibadilishwe baada ya wiki sita, na kifunikwe kwa kipande cha wavu wa chuma kwa sababu ya panya. Mbolea ya tumbaku iliyobaki ghalani iache huko. Ina fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi ile kuvu ya msonobari inarudi nyuma. Wala usichemshe majani ya tumbaku kuwa dawa ya wadudu: nikotini inaingia mwilini kupitia ngozi.

Mdudu mkubwa wa msaiprasi ni kidukari wake, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Tanzania miaka michache baadaye, akaua miti mingi ya ua na mashamba. Ni wa rangi ya kahawia ya kijivu, hukaa kwa makundi kwenye gome la vitawi ndani ya mti, si juani. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, fungua ndani utazame. Mate yake yana sumu kwa mti, kwa hiyo tawi huendelea kukauka hata wadudu wakishakufa, na usidhani dawa imeshindwa. Mililita 5 za sabuni ya maji kwa lita 1, jioni, ilowe gome na si majani ya juu tu, ioshwe asubuhi, irudiwe mara tatu kila baada ya siku sita. Ua wenye mabaka ya kahawia usichimbe mti humo kabisa.

Kuhusu waya tutasema kidogo, kwa sababu mwaka wa kwanza na wa pili haupaswi kugusa mti. Shaba ya nyaya za umeme za nyumba inafaa. Chuna plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Ipashe kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, itakuwa laini. Unene wake uwe theluthi ya unene wa tawi, na izungushwe kwa mshazari wa nyuzi 45. Tawi nene livalishe kwanza utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Wakati wa mvua kagua kila wiki, waya unaweza kuzama kwenye gome ndani ya miezi miwili.

Mvua za nne, kama mti umekua vizuri misimu miwili mfululizo, unaingia kwenye chombo kifupi zaidi. Usiondoe udongo wote wa zamani. Gawa bonge katikati kwa jicho, chokonoa nusu moja kwa kijiti mpaka mizizi ionekane, fupisha ile minene, jaza mchanganyiko mpya, na nusu ya pili uiache bila kuigusa. Mti utaishi kwa nusu hiyo. Zamu yake inakuja baada ya miaka miwili, kumbikumbi wakiruka.